Mazoezi Yanafanya Nini Mwilini, na Kwa Nini Mizani Haiwezi Kukuambia

Mtu anaanza mazoezi. Anaamka alfajiri, anatembea kwa kasi au anakimbia taratibu, anarudi amelowa jasho. Wiki sita baadaye anapanda kwenye mizani na kukuta kilo moja pungufu, pengine hata hiyo haipo. Anavunjika moyo, anaacha, na kuanzia hapo akisikia habari za mazoezi anasema alishayajaribu, hayakumsaidia kitu.

Kumbe ndani ya wiki hizo sita presha yake huenda ilishuka, misuli yake ilikuwa ikivuta sukari kutoka kwenye damu kwa wepesi kuliko zamani, na moyo wake ulikuwa ukipiga polepole zaidi usiku. Mizani haina namna ya kuona lolote kati ya hayo. Na alipoacha, yote yalianza kurudi nyuma, mengine ndani ya siku chache tu. Kwa maoni yangu mambo haya mawili ndiyo yanayowachanganya watu kuliko mengine yote: kwamba faida kubwa ya mazoezi si kupungua uzito, na kwamba faida hiyo haiwekeki akiba. Ukiyaelewa, ushauri mwingi wa afya unaosikika kama kelele unaanza kueleweka.

Dereva, kondakta na vipimo vya suruali

Kwanza, tunajuaje kwamba ni mazoezi yenyewe yanayoleta afya? Mgonjwa hakimbii. Anayekimbia ni yule ambaye tayari ana nguvu, ana muda, na huenda anakula vizuri na havuti sigara. Inawezekana kabisa kwamba afya ndiyo inayozaa mazoezi.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume wapatao 31,000 waliofanya kazi katika usafiri wa umma wa London. Mabasi ya ghorofa mbili ya jiji hilo yalikuwa na watu wawili kazini. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa kucha akikatisha tiketi. Mwajiri wao alikuwa mmoja, barabara zile zile, hali ya maisha haikutofautiana sana. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua walikuwa na umri mkubwa zaidi na ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa wenzao.

Pingamizi lilikuwa dhahiri: labda wanene walipenda udereva tangu mwanzo. Morris hakulikwepa. Wafanyakazi wale walishonewa sare, na vipimo vya sare viliandikwa kwenye kumbukumbu za kazi. Mwaka 1956 timu yake ikachapisha vipimo vya viuno vya suruali, na ikaonekana kweli kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, hata wale vijana. Kwa hiyo sehemu fulani ya tofauti ilikuja na watu wenyewe. Lakini baadaye walipolinganisha mwembamba na mwembamba mwenzake, mnene na mnene mwenzake, kondakta bado alikuwa na nafuu. Kila ninaposoma kichwa cha habari kinachodai kwamba watu wanaofanya jambo fulani wanaishi miaka mingi, huikumbuka suruali ya dereva: walikuwaje kabla hawajaanza? (Morris mwenyewe alikufa mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Mtu mmoja si ushahidi, lakini inapendeza kulijua.)

Njia ya uhakika ya kuondoa shaka hiyo ni kuwagawa watu kwa kura, wengine wafanye mazoezi na wengine wasifanye, kisha kusubiri. Katika mji wa Da Qing nchini China, kuanzia mwaka 1986, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari waligawanywa kwa kura kufuatana na vituo vyao vya afya. Baada ya miaka 6, katika kila watu 100 wa kundi lililoachwa liendelee na maisha yake ya kawaida, 68 walikuwa wamepata kisukari. Katika kundi lililopewa mazoezi peke yake, bila mpango wa chakula, walikuwa 41. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya jaribio lingine la kura, safari hii kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kumaliza tibakemikali. Nusu walipewa maandishi ya ushauri wa afya, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia katika mazoezi kwa miaka 3. Ilipofika miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikadiriwa kuwa asilimia 90, na katika kundi la maandishi asilimia 83. Kama tofauti hiyo ingeletwa na kidonge, ungeshasikia jina lake.

Ghorofa ya tatu, pumzi ikianza kukatika

Tupande ngazi tuone kinachotokea. Sekunde kama 10 za mwanzo mapaja yanatumia nishati iliyokwisha andaliwa ndani ya misuli. Ndiyo maana ghorofa ya kwanza hupita bila kuihisi. Ikiisha hiyo, msuli unageukia glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Mtu mzima ana kama gramu 400 za glikojeni kwenye misuli na nyingine kama 100 kwenye ini. Ghorofa ya tatu unahema na mapaja yanawaka moto, kwa sababu mahitaji ya oksijeni yamepanda ghafla kuliko kasi ya moyo na mapafu kuyafikia.

Wakati wewe unafikiria kupumzika kidogo, ndani ya seli za misuli kuna mabadiliko mawili. Kiwango cha kalsiamu kimepanda kila msuli unapojikaza, na akiba ya nishati imeshuka. Hayo mawili ni ishara, na seli inazijibu kwa kupeleka kwenye ukuta wake vipitishio vya sukari ambavyo muda wote huo vilikuwa vimetunzwa ndani. Sukari ya kwenye damu inaanza kuingia kwa wingi.

Jambo la kushangaza ni nani aliyeviita vipitishio hivyo. Mtu anapokuwa ametulia baada ya kula, kazi hiyo ni ya insulini, homoni inayozipelekea seli ujumbe wa kupokea sukari. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, insulini inaweza kuwapo lakini seli hazimsikii vizuri mjumbe huyo, basi sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Msuli unaojikaza hauna haja ya kumngoja: una mlango wa uani, na mlango huo unafunguka hata pale wa mbele unapogoma. Hii ndiyo sababu kutembea dakika 10 au 15 baada ya mlo kunapunguza kupanda kwa sukari kwa namna inayopimika siku hiyo hiyo, bila kungoja upungue hata gramu moja.

Ukishafika juu na kukaa, habari haijaisha. Msuli uliotumia glikojeni yake unataka kuirudisha, na kwa siku moja au mbili, wakati mwingine karibu tatu, unaisikia insulini vizuri kuliko kawaida. Kisha hali inarudi ilipokuwa. Ushauri kwa wenye kisukari kwamba wasipitishe zaidi ya siku 2 mfululizo bila mazoezi umetoka hapa hapa. Haukutungwa na mtu anayependa nidhamu. Mtu anayejikamua kwa muda wa saa tatu Jumamosi na kukaa kitako siku sita anapata faida, hilo halina ubishi, lakini kwa upande wa sukari ameiacha sehemu kubwa ya wiki wazi.

Ishara zile zile zikirudiwa kwa wiki kadhaa, seli inabadilisha hata umbile lake. Mitokondria, vile vijumba vinavyounguza mafuta na sukari kwa oksijeni, vinaongezeka. Mishipa midogo kabisa ya damu inachipua katikati ya nyuzi za misuli. Ngazi zile zile zinakuwa rahisi ingawa hazijapungua hata moja. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Copenhagen, akiwamo Bente Klarlund Pedersen, walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi unamwaga kwenye damu kemikali zinazokwenda kuzungumza na ini, mafuta na mfumo wa kinga. Tangu hapo msuli umehesabiwa pia kuwa kiungo kinachotuma ujumbe, sawa na tezi. Orodha ya kemikali hizo inaendelea kurefuka, na si kila inayotangazwa kwa shangwe inakuja kuthibitika.

Moyo

Ukiwa umetulia, moyo wa mtu mzima unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na takriban moja ya tano tu inakwenda kwenye misuli. Katika mazoezi makali mtu wa kawaida anafika lita 20, na zaidi ya robo tatu inaelekezwa kwenye misuli inayofanya kazi. Wanariadha wa mbio ndefu wanafika 35 na zaidi.

Moyo unaozoeshwa mzigo huo unapanuka kidogo na kujaa vizuri, kwa hiyo pigo moja linatoa damu nyingi kuliko zamani. Matokeo yake, ukiwa umetulia hauhitaji kupiga mara nyingi. Aliyekuwa na mapigo 70 kwa dakika akishuka hadi 58, moyo wake unapiga mara 17,000 na zaidi pungufu kila siku. Hiki ndicho kipimo cha bure ambacho ningemwachia mtu badala ya mizani. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili (usitumie dole gumba, lina mpigo wake) kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba la mkono wa pili. Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Fanya hivyo siku tatu nne, andika wastani, rudia baada ya miezi miwili.

Mishipa nayo ina lake. Damu inayopita kwa kasi inaisugua ngozi ya ndani ya mshipa, nayo ngozi hiyo inatoa gesi ya naitriki oksaidi inayoulegeza mshipa ukapanuka. Ndiyo maana presha hushuka baada ya mazoezi na kubaki chini kwa saa kadhaa. Kwa mwenye presha ya kupanda, mazoezi ya kuhemesha ya mara kwa mara, kama kutembea kwa kasi au kukimbia, hushusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 5 hadi 8 hivi, kiasi kinachokaribia cha dawa moja ya presha. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuacha dawa zake. Linampa jambo la kuzungumza na daktari wake.

Mwili hauweki akiba

Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3 bila kuumwa. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia, kipimo bora tulicho nacho cha uwezo wa moyo na mapafu, kilishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wanaume wale wale watano, sasa wana miaka 50 na zaidi, walipimwa tena. Uwezo wao ulikuwa umepungua, bila shaka, lakini umri haukuwapunguzia kiasi kile. Wiki tatu za kitanda ziliwashusha kuliko miaka thelathini ya kuishi.

Ralph Paffenbarger, aliyefuatilia wanaume wapatao 17,000 waliosoma Harvard, aliliona jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Waliokuwa wanamichezo hodari chuoni na kisha wakabweteka hawakubaki na kinga yoyote ya maana dhidi ya ugonjwa wa moyo. Waliokuwa wavivu wakiwa vijana lakini wakaja kuchangamka ukubwani walipata nafuu. Tunaowajua wanaosema "mimi zamani nilicheza mpira sana" wangefaa kusikia hili, na aliyefika miaka 55 bila kuwahi kukimbia hata hatua mia angefaa kulisikia zaidi.

Uzito, hesabu inayodanganya

Sasa mizani. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa anaunguza kama kalori 120, na ukitoa zile ambazo angeunguza hata akikaa, zinabaki chini ya 90. Nusu lita ya soda ina zaidi ya 200, na inanywewa kwa dakika mbili. Kwa hesabu hiyo peke yake unaona kwamba chakula kinaiacha mbali miguu.

Lakini hata kile kidogo hakibaki chote. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda wa karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wao walitembea kwa wastani kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti waliwapa maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia sahihi kuliko zote ya kujua mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nzima. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe hawakuwa wakitumia kalori nyingi kuliko watu wa mijini Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Kwa namna fulani mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2021, wa watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani zaidi ya robo ya kalori unazounguza kwa kujishughulisha mwili unazifidia kwa kupunguza matumizi mengine. Watafiti bado wanabishana juu ya ukubwa wa fidia hiyo. Kwamba ipo, wengi wanakubali.

Mtu akisikia haya anaweza kusema basi mazoezi ni bure. Mimi naona kinyume chake. Kama nishati inabanwa mahali pengine, "mahali pengine" hapo panaweza kuwa ni uvimbe wa ndani kwa ndani unaoletwa na mfumo wa kinga bila kazi yoyote na homoni za msongo zilizozidi, na Pontzer mwenyewe anapendekeza kwamba sehemu ya faida ya mazoezi inatoka hapo. Halafu kuna mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa. Mazoezi huyapunguza hata pale kilo zinapokaa pale pale, kwa sababu wakati huo huo msuli unaweza kuwa umeongezeka. Mkanda wa suruali huliona hilo kabla ya mizani. Na kwa aliyekwisha kupungua kwa njia ya chakula, mazoezi ndiyo yanayomsaidia zaidi asirudi alikotoka.

Kuna jambo moja lisilosemwa sana: watu hawafaidiki sawa. Utafiti uitwao HERITAGE uliwapa watu mazoezi yale yale, yaliyosimamiwa, kwa wiki 20. Wengine uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda sana, wengine haukupanda karibu kabisa, na tofauti hizo zilifuatana na familia. Kwa hiyo jirani aliyebadilika haraka si lazima awe na bidii kukuzidi. Na yule ambaye pumzi yake haikuongezeka mara nyingi alipata nafuu kwenye kipimo kingine.

Nguvu za miguu

Mazungumzo mengi ya mazoezi huishia kwenye kukimbia na kutembea, na hapo ndipo watu wa makamo wanapopunjwa. Kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyeitumia misuli yake huipoteza taratibu, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Siku moja kuinuka kwenye kiti kunataka mikono. Baada ya hapo huja kuanguka, na kwa mzee mfupa wa nyonga uliovunjika mara nyingi ndio mwanzo wa kupoteza uhuru wake.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha jambo ambalo wakati huo lilionekana kama utani. Waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, na si uzito wa kubembeleza. Baada ya wiki 8, wale 9 waliomaliza walikuwa wameongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174. Walipoacha kwa wiki 4 tu, karibu theluthi moja ya nguvu ilikuwa imekwenda.

Msuli unapouvuta mfupa, mfupa nao unapata sababu ya kubaki mgumu. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni mazoezi mazuri ya moyo, ila kwa mifupa hayafui dafu mbele ya kuruka, kupanda ngazi au kubeba uzito. Huhitaji jimu. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika popote, pushapu za ukutani kwa anayeanza na za chini kwa aliyezoea, kubeba mizigo miwili mikononi na kutembea nayo: ukifika marudio ya mwisho ukaona ungeweza kufanya mengine ishirini, uzito huo ni mdogo mno kwako.

Kuhusu ubongo nitasema machache, maana hapa ndipo ahadi hupita ushahidi. Jaribio la mwaka 2011 la watu wazima 120 lilikuta kwamba waliotembea mara 3 kwa wiki kwa mwaka mzima sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2, huku ya wenzao walionyoosha viungo tu ikipungua. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana nalo yote. Nafuu ya sonona na wasiwasi, pamoja na usingizi mzuri, ina ushahidi mwingi na imara zaidi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza mtu kuihisi.

Kiasi gani kinatosha

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Makali ni pale ambapo baada ya maneno machache lazima uvute pumzi. Mwongozo wa zamani ulidai kila kipande kifike angalau dakika 10. Huu mpya umeliondoa sharti hilo. Dakika tatu za ngazi zinahesabika.

Hatua 10,000 kwa siku hazimo humo. Namba hiyo ilianzia Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa, wala haikutoka maabara. Utafiti wa mwaka 2019 wa wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72 ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache sana kuliko waliotembea 2,700, na nafuu ikaongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Hapo unaona umbo la jambo zima: faida kubwa kuliko zote iko kati ya sifuri na kidogo. Anayetoka kwenye kutofanya lolote akafikia dakika 15 kwa siku anavuna kuliko anayetoka dakika 60 kwenda 75.

Na kukaa? Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni moja ulionyesha kwamba hatari inayoambatana na kukaa zaidi ya saa 8 kwa siku ilifutika kwa waliofanya dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku. Hizo ni nyingi. Kwa ambaye hazimudu, kuinuka mara kwa mara kuna maana, kwa sababu ile ile ya mlango wa uani.

Pale panapohitaji uangalifu

Utafiti mmoja wa mwaka 1993 nchini Marekani ulikuta kwamba, kwa mtu asiyezoea mazoezi, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo wakati wa kujikaza kwa nguvu na muda mfupi baadaye unapanda mara 107. Namba hiyo inatisha hadi uulize inazidisha nini: kwa saa moja yoyote uwezekano huo ni mdogo mno, na hata ukizidishwa hivyo unabaki mdogo. Kwa waliofanya mazoezi mara 5 au zaidi kwa wiki ulipanda mara 2.4 tu. Hatari kubwa basi iko kwa mtu aliyekaa miaka kumi na kuamua Jumamosi moja kushindana na vijana. Aanze kwa kutembea, akae hapo wiki kadhaa, ndipo aongeze kasi.

Maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, kuzimia, kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya: simama, nenda hospitali, usijikaze. Mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, au presha iliyo juu sana bila kudhibitiwa, amwone daktari kabla ya mazoezi makali. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akumbuke kwamba msuli utavuta sukari juu ya ile inayovutwa na dawa, basi apime kabla na baada, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Mjamzito asiye na matatizo anashauriwa kuendelea na mazoezi ya wastani.

Na aliyelazwa kwa homa au kuacha kwa sababu nyingine asirudie pale alipoishia. Aanze na nusu yake au chini ya hapo. Pumzi hurudi mapema, kano na maungio huchelewa, na wengi huumia katika kipindi kile ambacho kifua kimeshasema twende na kisigino bado.